Siti ya Mbele ya Mzee Amsi

Mtoto wa Mzee Amsi alinipigia simu asubuhi nikiwa napepeta mchele, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza, "Nesi, mzee ametutoka." Miaka yote hii na bado wananiita nesi. Nimestaafu, nina wajukuu, magoti yananisumbua, na huku Tabora nilikorudi kuishi watu wananijua kwa majina mengine. Lakini Tumati, kule Mbulu nilikoanzia kazi, mimi ni nesi na sidhani kama kuna anayelikumbuka jina langu. Sikuuliza alikuwa anaumwa nini. Niliuliza wanazika lini, nikatia kanga mbili na sweta kwenye begi, nikaenda stendi. Mwanangu alisema mama, safari ni ndefu, tuma rambirambi kwa simu inatosha. Nikamwambia kama inatosha atume yeye.

Nilifika watu wameshajaa uani, turubai limefungwa kutoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye nguzo za zizi, wanawake wanapika nyuma, na kile kibaridi cha Mbulu ambacho nilikuwa nimekisahau kikanipokea shingoni. Kitu cha kwanza nilichokitambua pale hakikuwa mtu. Ilikuwa siti ya gari, ndefu, ile ya kukaa dereva na watu wawili, imewekwa kando ya ukuta wa ghala juu ya matofali kama benchi. Bibi watatu walikuwa wameikalia, wamejifunika mashuka yao hadi chini, wakinong'onezana kwa Kiiraqw kwa sauti ya msibani. Hakuna aliyeitazama. Kijana mmoja akaniletea kiti cha plastiki, nikakaa kuielekea ile siti, na machozi yakaanza kunitoka. Wenzangu waliokaa karibu walidhani nalia kwa ajili ya marehemu. Ni kweli nilikuwa nalia kwa ajili yake, ila si kwake peke yake.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ndio wa kwanza wa kazi yangu. Nilipangiwa zahanati ya kule nikiwa sijawahi kuona mahali ambapo mtu anavaa koti mchana. Chumba changu kilikuwa nyuma ya zahanati, kina kitanda cha chuma, meza, na dirisha ambalo halikufunga vizuri, na ukuta mmoja tu ulinitenganisha na baraza ambako akina mama walisubiri kliniki. Nilisikia kila kitu. Kiiraqw sikukijua, lakini mtu akikaa mahali anaanza kushika neno hapa na neno pale, na maneno kama gari, nesi, hospitali yalikuwa ni yaleyale. Chakula nilipewa na majirani mpaka nilipoona haya nikaanza kupika mwenyewe: ugali wa mtama na maziwa mgando, makande, kuku siku ya Jumapili. Aliyenilisha zaidi ya wote alikuwa Mama Tluway, mama mmoja mrefu, mkali, asiyecheka, ambaye boma lake lilipakana na uwanja wa zahanati. Mwanawe, Tluway, alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya ngano huko Hanang na alirudi kwa msimu. Nyumbani alimwacha mkewe Paskalina, binti wa kijiji cha Nambis, mdogo kwangu kidogo, mwenye mimba ya kwanza. Jioni nilikuwa naenda kuota moto jikoni kwao. Paskalina alikuwa ananifundisha maneno ya Kiiraqw na akinicheka nikikosea mpaka mama mkwe anamkemea kwamba mtu hacheki hivyo na tumbo lile.

Gari lilikuwa moja tu. Lilikuwa la Mzee Amsi, pikapu ya zamani iliyokuwa imepakwa rangi ya bluu kwa brashi, na ndiyo ilibeba mahindi, mbuzi, wagonjwa, padri, maharusi na chanjo zangu kwenye boksi la barafu. Mzee Amsi mwenyewe wakati ule hakuwa mzee wa umri, alikuwa mzee wa cheo: mwenyekiti wa kigango, mtu wa suti ya kaki na kalamu mfukoni, mwenye kujibu salamu taratibu ili ujue ameipokea. Gari lake alilitunza kama anavyolitunza kanisa, isipokuwa siti. Siti ilikuwa imechoka. Ile kava nyeusi ya ngozi bandia ilikuwa imepasuka katikati, sponji limegeuka unga, springi zinachoma, naye alitandika gunia la mahindi juu yake akasema abiria anayetaka starehe akapande ndege.

Uchungu wa Paskalina ulianza wakati wa mvua. Nilimwangalia asubuhi, nikamwangalia mchana, mtoto hashuki, nikatuma mtu mbio kwa Mzee Amsi. Tulimweka Paskalina siti ya mbele, katikati yangu na mlango, miguu yake ikiwa juu ya boksi langu la vifaa. Njia ilikuwa tope tupu. Kwenye kona ya mikaratusi, kabla ya kuanza kupanda kuelekea mjini, gari likazama, na wakati Mzee Amsi yuko nje anakata matawi ya kuweka chini ya tairi, mtoto akaja. Nilimpokea palepale kwenye siti. Paskalina alikuwa ameshika upande wa mlangoni, pale kava ilipokuwa na mpasuko mdogo, ameviingiza vidole humo anavuta, na nikasikia ile ngozi ikichanika, ndefu, polepole. Mtoto hakulia. Nilimsafisha, nikamsugua mgongo, nikampulizia, nikampulizia tena, nikamgeuza. Alikuwa wa kiume. Mzee Amsi alifungua mlango ili aniambie gari linaweza kutoka sasa, akaona, akavua kofia akabaki amesimama kwenye mvua. Nimezalisha watoto wengi sana baada ya yule, na wengine nao tuliwakosa, lakini nikiota naota yule.

Tulirudi Tumati na Paskalina akaingia ndani, na hapo ndipo nilipojifunza neno ambalo yeye hakuwa amenifundisha pale jikoni: metimani. Ni desturi yao ya zamani. Mama aliyepoteza mtoto namna ile anatengwa kwa muda. Hachoti maji na wenzake, hanywi kwenye kikombe cha mtu, hakanyagi ua wa jirani, na watu wa nyumba yake nao wanakaa kando, mpaka ule mkosi uonekane umepita. Siyo kwamba wanamchukia. Mama Tluway alinieleza akiwa amesimama mbali nami, ng'ambo ya ua, kwamba wanafanya hivyo ili watoto wa wengine wapone. Nilikasirika. Mimi ni Mwislamu kutoka Tabora, najua eda, najua mfiwa kukaa ndani, lakini msichana yule alikuwa anatoa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya na hakuna rafiki aliyeruhusiwa kumshika mkono. Nilienda mimi. Nilikaa naye kwenye giza la chumba chake siku baada ya siku, na majirani wakaanza kuniletea chakula changu kwenye sahani ambayo baadaye hawakuitaka irudi.

Kisha maneno yakahamia kwenye gari. Nilianza kuyasikia ukutani: gari, gari, siti. Desturi ilikuwepo kabla ya magari, kwa hiyo hakuna aliyejua kwa hakika gari linaingia vipi, na wazee walikaa kwenye pombe wakalijadili kama kesi. Mmoja alisema gari ni kama njia, mtoto akifia njiani watu wanaendelea kupita. Mwingine akasema hapana, gari lina mlango na paa, ni nyumba, na kama ni nyumba basi mwenye nyumba naye atengwe. Mwenye nyumba hiyo ni mwenyekiti wa kigango! Hapo wakaogopa wenyewe walikofika, wakakubaliana kimyakimya kwamba mkosi uko kwenye siti tu. Hakukuwa na tangazo. Ila tangu hapo pikapu ya Mzee Amsi ilipita imejaa watu nyuma, wamebanana na mbuzi na magunia, mvua inawanyeshea, na mbele tumekaa wawili tu, yeye na mimi, na nafasi ya mtu wa tatu iko wazi. Alikuwa akisimama kumchukua bibi kizee anayetetemeka kwa baridi, anamfungulia mlango wa mbele, bibi anamshukuru vizuri sana kisha anapanda nyuma.

Ilimuuma mzee yule. Jumapili moja baada ya sala alisimama akawaambia watu kwamba wamebatizwa bure, na kwamba siti ile alikuwa anataka kuibadilisha siku nyingi kwa kuwa imechakaa, lakini sasa hataibadilisha. Wakae kwanza, waonyeshe kwamba wao ni Wakristo, ndipo atakwenda kwa fundi. Watu walimsikiliza kwa heshima wakiangalia viatu vyao. Walikuwa tayari kukaa endapo ataibadilisha kwanza. Hivyo ndivyo walivyofungana, na ningecheka kweli, maana ni mambo ya kuchekesha, kama kati ya wale watu asingekuwepo Paskalina. Tluway alirudi msimu wa mavuno akakaa, akaondoka. Muda si mrefu Paskalina alikuja kliniki, akapanda kitanda changu cha kupimia, akafunua tumbo. Nilipopapasa nikakuta mimba nyingine. Nilijua nyonga yake, nilijua ule uchungu wa kwanza ulivyokwenda. Huyu asingeweza kujifungulia kwangu. Lazima afike hospitali, na kufika hospitali ni pikapu ile, na pikapu ile ni siti ile.

Nikajifanya mjanja. Mnadani Dongobesh nilinunua kava ya kuvalisha, nyekundu, ya maua, yenye kamba za kufunga nyuma, nikamwambia Mzee Amsi ni zawadi yangu kwa gari, si kubadilisha, ni kupamba. Alinitazama akaelewa, akaniacha niifunge. Nilimwita Mama Tluway aje aone. Alikuja hadi mlangoni mwa gari, akainua pindo la ile kava kwa ncha ya kidole, akaona nyeusi ya chini bado iko palepale, akaliachia. "Umemfunika," alisema. Hakusema umeifunika, kama ni kitu. Alisema umemfunika, nami nikafungua zile kamba siku hiyohiyo.

Miezi ikasonga. Sijui niwaelezeje vijana wa siku hizi wenye simu na bodaboda jinsi miezi inavyoweza kusonga ukiwa unatazama tumbo. Nilimwomba Mama Tluway ampeleke Paskalina mjini mapema akasubiri huko. Akasema huko hakuna ndugu, na mtu wa metimani, hata akishatoka ndani, hapelekwi kukaa kwa watu mpaka azae mwingine. Nilimwomba Mzee Amsi. Akasema nesi, wewe ni mgeni, ukishindana na giza mara moja ukaliachia, litakaa miaka mia. Nilikuwa nakwenda kwa huyu narudi kwa yule. Niliwachukia wote wawili, na bado jioni nilikuwa nakula ugali wa mmoja na nasafiri na gari la mwingine. Kibaya zaidi, kila mmoja alikuwa anampenda Paskalina. Hilo niliona wazi. Mama mkwe alikuwa anaamka kumchemshia uji kabla ya kukamua ng'ombe, na mzee hakupita na gari pale bila kupunguza mwendo kuuliza hali ya binti.

Siku iliyomaliza mambo ilikuwa ya kliniki. Mzee Amsi alikuwa ameleta chanjo, amesimama mlangoni na boksi la barafu mikononi. Mama Tluway alikuwa amemsindikiza mkwewe. Nilisema kwa hasira, mbele ya wote, kwamba mtoto amekaa vibaya na mwezi unakwisha, na niambiwe leo huyu mtu atafikaje mjini. Mama Tluway akasema kwenye siti ile hakai. Mzee akasema atakaa, na Mungu atawaaibisha waganga. Mama akasema Mungu hakuwa anaendesha siku ile. Basi wakaanza, kwa Kiswahili halafu kwa Kiiraqw, sauti hazipandi, wale si watu wa kupiga kelele, lakini baraza lote nje lilikuwa linasikiliza. Paskalina alikuwa amelala kitandani kwangu na tumbo wazi. Akainuka, akashusha gauni lake.

"Baba," alimwambia Mzee Amsi, "hakuna aliyeniuliza mimi."

Mzee akaweka boksi chini.

"Mimi siogopi metimani. Nimeshakaa humo, najua kulivyo. Na kanisa nalipenda. Ila ile siti ina uwazi pale mlangoni. Niliuchana mimi, siku ile. Kila gari likipita hapa nauona ule uwazi, na kidole changu kinajua kinaingiaje. Ukinikalisha pale uchungu ukanishika, nitashika wapi? Nitashika palepale. Na nikishika pale nitajua kwamba na huyu amekufa." Akageuka kwa mama mkwe. "Na wewe, mama, usiseme ni mkosi. Ni mtoto wangu tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye siti ile karibu mwaka mzima. Nilikuwa nauona ule uwazi kila safari, na ingawa nilisikia ukichanika, siku zote niliuchukulia kama uchakavu tu. Mzee Amsi alitoka, tukasikia anafungua kisanduku cha spana, na akina mama wote wa baraza wakasimama kuangalia. Alizifungua nati za siti moja baada ya nyingine, nyingine zimeshika kutu akawa anazigonga, akaitoa siti nzima na kuitupa nyuma ya gari. Kisha akageuza kreti la soda, akaliweka mbele ya usukani, akalikalia. Aliniuliza kama nakwenda Katesh au nabaki.

Nilikwenda, nimekaa chini kwenye bati, nimeshika mlango, kupitia Dongobesh hadi kuteremka Hanang. Katesh kulikuwa na fundi aitwaye Jumanne, wa familia ya wafanyabiashara waliokuja zamani kutoka Kondoa, ambaye alishona siti za malori na matrekta ya mashamba ya ngano. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya gundi na cherehani kubwa la mguu. Aliigonga siti, akasema atavisha mpya juu ya hii, ndivyo wote wanavyofanya, ya zamani inashikilia sponji lisimwagike. Mzee Amsi akasema, "Toa yote." Fundi akasema itachukua muda, na sponji nene hana, mpaka liletwe kutoka Arusha. Mzee akasema atoe yote hata hivyo. Jumanne akachukua kisu akaanza kuchuna, na alipofika upande wa mlangoni akasimama, akaangalia sponji lilivyobadilika rangi, akatuangalia sisi. Alimwita mkewe atuletee chai, na tulikunywa chai ile ya tangawizi tumesimama, hakuna anayemtazama mwenzake, mpaka zikabaki springi tupu. Aliahidi kazi itakuwa tayari mnada ujao.

Uchungu ulimshika Paskalina kabla ya mnada. Mama Tluway alikuja kunigongea wakati nakunywa uji, na nje mvua ilikuwa inanyesha ileile. Nilipomwangalia tu nikajua hatuna muda wa kungojea chochote. Pikapu ililetwa. Mbele hakukuwa na kitu: bati lenye kutu, matundu ya nati, na kreti la soda. Nyuma magunia yalikuwa yamelowa. Nikasimama pale kwenye mvua, na sitaki kudanganya, nilitukana. Nilimtukana fundi, nikaitukana Arusha, nikalitukana sponji. Nilianza kuvua sweta langu ili nilitandike, kama vile sweta lingesaidia. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwenye kibaraza cha zahanati, wale wale ambao kwa mwaka mzima hawakukubali kukalia alipokalia yeye, na walikuwa wanaangalia lile bati.

Aliyeanza ni Mama Tluway. Alilivua blanketi lake begani, lile zito la kijivu lenye mistari miwili myekundu, ambalo sikuwahi kumwona bila kulivaa tangu nifike. Alilikunja mara mbili akalilaza kwenye bati. Kwa desturi yao nguo ya mtu wa metimani haichanganywi na ya mwingine, na yeye alikuwa anaweka ya kwake chini ya damu ambayo haijamwagika bado. Akageuka akawaangalia wenzake. Mama mmoja akashuka kwenye mvua na shuka lake. Mwingine akamfuata. Mwingine akakimbia nyumbani akarudi na blanketi la kitandani, bado lina joto. Waliyapanga wenyewe, wakiyakanyaga kwa magoti kuyakaza, wakibishana kwa Kiiraqw upande upi umeinama, mpaka kukawa na kitanda cha kimo cha siti. Mama Tluway akapanda wa kwanza. Alikaa mlangoni, pale pale, akampokea Paskalina mapajani pake.

Sikumbuki barabara yote. Nakumbuka mkono wangu ukiwa juu ya tumbo na mkono mwingine umeshika dashibodi. Nakumbuka Mzee Amsi juu ya kreti lake, shingo imekakamaa, anasali bila sauti, midomo tu. Kwenye kona ya mikaratusi gari likaanza kuteleza kitako. Sote wanne tulijua tuko wapi. Paskalina akafumba macho na mkono wake ukaanza kutafuta mlangoni, unapapasa, unapapasa, na Mama Tluway akaukamata ule mkono akauzungushia pindo la blanketi lake, akaukaza. "Shika hili," alisema. "Hili ni langu. Vuta." Vijana waliopanda nyuma wakaruka wakasukuma. Tairi ikazunguka, ikarusha tope hadi kwenye kioo, ikashika. Paskalina alikuwa anavuta lile pindo na mama mkwe anamwambia vuta, vuta tena, huku machozi yanamtiririka yule mama mkali na wala hayafuti, na tukapanda kilima.

Hospitalini walimchukua wakamwingiza ndani, mimi nikabaki nje kwa kuwa pale nilikuwa mgeni kama wengine. Mama Tluway alikaa chini kwenye baraza bila blanketi, anatetemeka, mikono kwenye magoti. Kila mlango ulipofunguliwa aliniuliza, "Amelia?" Nikamwambia bado. Mzee Amsi alikuwa anazunguka gari lake, anasafisha kioo ambacho mvua ilikuwa inakisafisha yenyewe. "Amelia?" Bado, mama. Kisha ikaja ile sauti, nyembamba, yenye hasira, kutoka mwisho wa korido. Mama Tluway akanishika kanga. Aliniuliza ni huyu au ni wa mtu mwingine. Nikamwambia nyamaza tusikilize, na mtoto akalia tena, nikatambua sauti ya Paskalina ikimwambia kitu kwa Kiiraqw ambacho alikuwa amenifundisha jikoni: njoo hapa.

Baadaye niliwaambia wanawake mablanketi yao nitayafua kwa dawa niwarudishie. Wakakataa. Nilidhani ni ile hofu yao tena, nikaanza kupandwa na hasira, lakini Mama Tluway akasema hapana, hayarudi kwa sababu yameshakuwa siti. Nilichemsha, nikafua, nikaanika kwenye uzio wa zahanati nzima, na Mzee Amsi akayapeleka Katesh. Akamwambia Jumanne asihangaike na sponji la Arusha, aweke haya juu ya springi na ashone kava juu yake. Ilirudi ya kahawia, nzuri, imekaza, na siku hiyohiyo kulikuwa na ugomvi wa nani anapanda mbele.

Hayo yote yalinipita kichwani pale msibani nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Wakatangaza kwamba mwili unatoka, watu wakainuka, na wale bibi watatu wakajizoazoa na mashuka yao wakaondoka kwenye siti. Nikaiona. Kava ni ileile ya kahawia, imepauka, imekwaruzwa, na upande wa mlangoni imepasuka. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani alikuja akaikalia, akaipigapiga nafasi ya pembeni yake kwa kiganja. "Shikamoo nesi," alisema, na sauti ile nikaitambua. Nikamwitikia marahaba Paskalina, nikakaa. Aliniambia mama mkwe alifariki zamani kidogo, kwamba Tluway yuko kule kaburini na wanaume, kwamba yule dada mrefu anayegawa chai ndiye mwenyewe, yule mtoto wa siku ile, ana watoto wawili na ni mkaidi. Nilimtazama yule dada akimkaripia kijana aliyemwaga maji, na kweli alisimama kama bibi yake.

Jeneza likapita. Mkono wa Paskalina ulikuwa umeshuka pembeni, kwenye ule mpasuko, na chini ya kava iliyochanika kulikuwa na kijivu na mstari mwekundu uliofifia. Alikiingiza kidole humo ndani bila kuangalia, akashika pindo la blanketi, na hakuliachia mpaka tulipoitwa kwenda kutupa udongo.